Kutoka Dakawa hadi Jeddah: safari imefupika, mipaka iko pale pale



Ndugu Waislamu, mkulima wa mpunga wa Dakawa, kando ya mto Wami, aliyeweka akiba msimu baada ya msimu ili aende Umra na mkewe, huuliza kwanza: ni mbali kiasi gani? Kutoka kwake hadi Morogoro mjini ni kilomita 40 na ushei, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni yapata 190, ambazo tangu mwaka 2024 treni ya umeme huzikata kwa muda usiofika saa mbili. Kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 3,200. Ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa saa nne na nusu hivi. Anayepitia Dubai hukata zaidi ya kilomita 5,500, mbali na muda wa kusubiri.

Jambo la kupendeza ni kwamba miji hiyo miwili iko karibu kabisa katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Saa haibadilishwi, na Adhuhuri huingia karibu dakika ile ile. Magharibi ndiyo hutofautiana: mwezi Juni jua la Jeddah huchelewa kuzama kwa kiasi cha dakika 50.

Je, wepesi huu unaondoa ruhusa ya kupunguza Sala? La. Katika madhehebu ya Imamu Shafii kipimo ni marhala mbili, zinazokadiriwa kuwa kilomita 80 na kitu, hata kama ndege huzipita kwa dakika sita. Mkulima wetu anaruhusiwa kupunguza mara atokapo nje ya majumba ya Dakawa, kwa kuwa aendako ni mbali. Jirani yake aendaye sokoni Morogoro na kurudi hana ruhusa hiyo.

Penye hatari zaidi ni miqati. Atokaye kusini hupita sambamba na Yalamlam, na apitiaye Dubai hupita upande wa Qarn al-Manazil. Ndege hukata kiasi cha kilomita 14 kwa dakika moja. Usingizi wa dakika kumi tu watosha kuivuka miqati bila ihramu. Wapo wanavyuoni walioona Jeddah yenyewe inatosha, lakini wengi hawakubali, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 liliamua kuwa aendaye kwa ndege ahirimie anapokuwa sambamba na miqati. Aliyeivuka hana budi kurudi, au achinje mnyama. Kwa aliyejinyima miaka mingi, gharama hiyo si ndogo.

Kwa hiyo mwanamume na aoge, akate kucha na avae shuka zake mbili kabla ya kupanda ndege. Kuvaa peke yake si ihramu. Ihramu ni nia. Anayehofia kulala anaweza kunuia mapema, na itasihi. Mwanamke nguo zake za stara zinamtosha.

Aanzaye na Madina hahitaji haya angani. Yeye atahirimia Dhul-Hulayfa, atakapotoka huko kuelekea Makka.