Bariadi Si Gamboshi Peke Yake

Mtu akitaja Bariadi mbele ya Watanzania wenzake, iwe Kariakoo au ndani ya basi la Arusha, swali linalofuata mara nyingi ni Gamboshi. Ni kijiji cha kweli, kipo wilayani Bariadi, kina pamba na ng'ombe kama vijiji jirani. Masimulizi ndiyo yaliyokigeuza makao makuu ya uchawi, mji wa maghorofa na taa unaoonekana usiku kwa wachache wenye macho yake. Waandishi wa habari waliokwenda kuutafuta mji huo wamekuta nyumba za kawaida na watoto wanaochunga, lakini uvumi haukukoma. Inauma kuona Mkoa wa Simiyu, wenye watu zaidi ya milioni mbili, kwa sensa ya mwaka 2022, ukijulikana kwa kisa kimoja, huku maisha ya kila siku ya watu hao hayaulizwi na yeyote.

Kuna pia sifa nyingine waliyobandikwa Wasukuma wa huku, Wanyantuzu: kwamba ni wazito, hawana haraka, wameridhika na kidogo. Walioyasema hayo waliona jambo la kweli wakalisoma vibaya.

Tuanze na salamu. Asubuhi, kwenye njia ya kwenda Nkololo au Dutwa, watu wawili wakikutana husimama. Mwenye baiskeli hushuka. Mdogo huinama, mwanamke kwa desturi hupiga goti, ndipo "mwangaluka" hutolewa na kuitikiwa. Jua likishapinduka ni "mwadila". Mambo hayaishii hapo. Mtu huitwa kwa jina la baba yake, ng'wana fulani, akaulizwa waliobaki nyumbani wameamkaje, wazee, watoto, mifugo, mvua ya upande wa kwao. Kila swali hujibiwa "mhola", yaani salama, mhola duhu, mpaka lifikiwe lile ambalo jibu lake si hilo: kuna mgonjwa, au kuna ndama hakurudi jana. Kaya za Usukumani zimetawanyika, kila mji na zizi lake, na kwa vizazi vingi habari za msiba, maradhi, wizi wa mifugo na malisho zimesafiri kwa njia hiyo. Mtumishi mgeni anayepita na gari, vioo vimepandishwa, hufika ofisini mapema na hajui lolote la kata anayoihudumia.

Lile goti limesemwa sana kuwa ni alama ya unyonge wa mwanamke. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa, na wasichana wa Bariadi wenyewe wameanza kuitoa. Ila anayeitoa aangalie pia mvulana anavyoinama mbele ya bibi yake, na jinsi mzee anavyosimama hadi salamu ya mtoto iishe. Heshima hapa kila mtu humdai mwenzake.

Utulivu huu una kazi yake, na kazi hiyo inaeleweka kwa anayeijua mvua ya Simiyu. Huanza Oktoba au Novemba, ikakata katikati, ikarudi au isirudi. Mwaka mmoja pamba inajaa maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, mwaka unaofuata mahindi yanakauka yakiwa magotini. Watu waliozaliwa katika nchi ya namna hiyo walijifunza kutokula kila walichovuna siku walipokivuna.

Somo hilo linaonekana kwenye michembe. Viazi vitamu vikishachimbwa, wanawake hukaa kivulini na visu vidogo, hadithi zikiendelea, wakimenya na kukata vipande vyembamba vikiwa vibichi. Huvianika juu ya miamba iliyo karibu na nyumba, maana mwamba hunyonya joto na kukausha kutokea chini, jua likikausha kutokea juu. Siku chache baadaye vipande vimekuwa vyeupe, vyepesi, vinalia vikigongana. Vingine huchemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa. Hivyo ni matobolwa, hutafunwa hivyohivyo au kwa chai, na watoto huenda navyo machungani mfukoni. Michembe hukaa ghalani miezi mingi. Mwezi wa Februari, mahindi yakiwa bado shambani na gunia limepanda bei, mama huipika na karanga na kaya ikalala imeshiba. Mjini Bariadi siku hizi kuna vijana wanaona haya kula michembe mbele ya wageni. Ni msiba mdogo, lakini ni msiba.

Imani ya watu wa huku nayo imejengwa juu ya mvua hiyo. Wazee humwita Mungu Liwelelo, na waliotangulia, masamva, bado hukumbukwa katika kaya nyingi kwa maneno machache yanayosemwa alfajiri. Zamani mtemi ndiye aliyedaiwa mvua na watu wake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, dai likahamia kwingine. Nassa, ambayo leo imo wilayani Busega, ina misheni tangu karne ya 19, na Africa Inland Mission waliichukua mwaka 1909, kwa hiyo Ukristo wa huku una wajukuu na vitukuu. Ukiingia ibada ya Jumapili ya Novemba utasikia mvua ikiombwa kwa jina, na anayeomba huenda anaitwa Mabula kwa kuwa alizaliwa ikinyesha. Pacha wakizaliwa ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, hata kama cheti cha ubatizo kina Yohana au Maria. Watu hawa hawaoni ugomvi kati ya majina hayo mawili, na hakuna sababu ya kuwatafutia.

Mauaji ya vikongwe wanaoshukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu hayana nafasi katika mila hii, na anayeyaita utamaduni wa Wasukuma anawatukana wafiwa. Macho mekundu ya bibi ni moshi wa samadi kavu na miti ya pamba aliyopikia watoto na wajukuu kwa miaka yote, kwa kuwa kuni zimekwisha. Muuaji ni muuaji.

Mila nyingine hazihitaji kuliliwa. Mahari na urithi viliandikwa kirefu na Hans Cory katika Sukuma Law and Custom, mwaka 1953. Mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu yana wapenzi wake, na bugobogobo, ngoma ya majembe iliyolimia mashamba kabla ya plau kuenea, leo huchezwa zaidi majukwaani.

Kinachostahili kuliliwa ni shikome, moto wa jioni karibu na zizi. Ng'ombe wakishaingia, baba, babu na wavulana waliokwenda kuchunga walikaa kuuzunguka. Hapo mtoto alijifunza ukoo wake, mafumbo, majani yanayotibu ndama, na namna ya kukaa kimya mzee anapofikiri. Hakuna aliyeufuta. Watoto wanakwenda shule, jambo jema, wakirudi wana kazi ya mwalimu na simu ya kaka. Shule imetoa mengi, ila mtaala hauna saa ya babu, na babu wanakufa na yale wanayoyajua.

Ngitili inaweza bado kuokolewa. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mfugo usiingie, likafunguliwa kiangazi kikali, Julai au baadaye, nyasi za kwingine zikiwa zimekwisha. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hujibu mbele ya dagashida, mkutano wa wanakijiji, na faini hulipwa. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu mbali na ngitili zao, nyingi zikaliwa na kukatwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, uliwarudia wazee na kanuni zao badala ya kuleta mpya. Hekta zilizohifadhiwa zilipanda kutoka mia chache hadi zaidi ya 300,000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Sasa bei ya pamba ikipanda, ngitili hulimwa, na zilizogawanywa kwa warithi huuzwa kipande kwa kipande. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga na kusajili ardhi ya pamoja. Halmashauri za vijiji vya Simiyu zifanye hivyo msimu huu, kabla plau hazijatoka, na dagashida ndiyo ipewe ulinzi wake.