Ugonjwa Sugu wa Mapafu: Dalili za Kuzidiwa Huanza Mapema

Vijijini kwetu wako watu wanaokohoa miaka na miaka. Wakipanda kilima kidogo, wanahema. Wakibeba ndoo ya maji, wanapumzika njiani. Wengi wao ni akina mama waliopika kwa kuni ndani ya nyumba zisizo na madirisha. Wengine ni wavuta tumbaku, au watu waliowahi kuugua kifua kikuu. Njia zao za hewa zimekuwa nyembamba, na makohozi yanazidi kuziziba. Huu ni ugonjwa sugu wa mapafu.

Mgonjwa wa namna hii hulima polepole, hupika, huishi na ugonjwa wake. Kisha usiku mmoja anazidiwa. Watu hukimbia huku na huko kutafuta usafiri. Wengine husema amerogwa. Lakini ukiuliza vizuri, utasikia kuwa tangu juzi alikuwa na mafua, na jana alishindwa kufika kisimani.

Mjini London, Uingereza, wagonjwa 101 waliandika hali zao kila siku kwenye kadi. Kazi hiyo ilichukua miaka 2 na nusu, na matokeo yalitangazwa mwaka 2000. Walizidiwa mara 504. Kadi zilionyesha kuwa kabla ya kuzidiwa, mafua, maumivu ya koo, kikohozi na kukosa pumzi vilikuwa vimeanza kuongezeka. Zilionyesha pia jambo la kuhuzunisha. Katika kila mara 4 za kuzidiwa, mara 1 nguvu ya pumzi ilikuwa haijarudi kama zamani hata baada ya siku 35. Kwa mkulima, siku 35 ni palizi nzima.

Ndugu msomaji, daftari la shule linatosha kwa kazi hii. Kama mgonjwa hajui kuandika, mjukuu aandike. Kila jioni andika mambo matatu tu: pumzi, wingi wa makohozi na rangi yake. Kwa mfano:

Jumatatu. Nimefika kisimani bila kupumzika. Makohozi kidogo, meupe.

Jumatano. Nimepumzika mara 2. Makohozi mengi, ya kijani.

Huyu wa Jumatano ameanza kuzidiwa, ingawa bado anatembea. Hali hiyo ikikaa siku 2, aende zahanati na daftari lake. Asinunue vidonge vya rangi mbili dukani. Kila mgonjwa ana kawaida yake, kwa hiyo usimlinganishe na jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita.

Aliyezidiwa mwaka jana aangaliwe zaidi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwafuata wagonjwa 2,138 kwa miaka 3. Ulionyesha kuwa waliowahi kuzidiwa ndio wanaoelekea kuzidiwa tena, na hakuna dalili iliyotabiri vizuri kuliko hiyo. Nyumba yenye mtu huyo ihamishie mafiga nje, na wenye mafua wasimkaribie.

Na kama kikohozi ni kipya na kimefika wiki 2, makohozi yapimwe kwanza kifua kikuu.

Hali nyingine hazingoji daftari wala asubuhi. Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi. Au midomo na ulimi vinageuka rangi ya buluu. Au anasinzia ovyo na kuchanganyikiwa. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, akiwa ameketi, asilazwe chali.