Je, Wajua? Moyo Kwenda Mbio Ukisimama

Katika hali iitwayo POTS, mtu anapoinuka damu nyingi hutuama miguuni, na moyo hupiga mbio ili ubongo usikose damu. Kwa mtu mzima, mapigo huongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika, ndani ya dakika 10 za kusimama, bila presha kushuka sana. Huwapata zaidi wanawake vijana, na mara nyingi hudhaniwa ni wasiwasi tu.

Jipime: lala dakika 5, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono, simama, hesabu tena.

Mkazi wa Eldoret, usipuuze dalili hizi. Muone daktari, kwani upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi pia huukimbiza moyo. Ukizirai au kifua kikiuma, nenda hospitali mara moja.