Safari ya Kutazama Wanyama kwa Kadiri ya Mfuko



Mara kwa mara huwauliza wanafunzi wetu ni nani kati yao amepata kumwona simba kwa macho yake, na aghalabu mikono inyoshwayo ni michache. Watokao vijiji vilivyo karibu na mbuga humjua tembo, lakini wamjua kuwa mwivi wa mahindi usiku. Wengine humjua katika picha tu. Hata hivyo, hao ndio watakaowafundisha watoto kwa nini wanyama wa nchi yetu watunzwe. Je, mtu atakitetea vipi kitu asichopata kukiona? Wengi hudhani ya kuwa safari hiyo ni ya wageni na matajiri peke yao. Sivyo, mradi mtu apange kwanza, ndipo afungue mfuko.

Fedha za safari huliwa na mambo manne: ada ya lango, gari, kitanda na chakula. Ada haipaswi kumtisha raia. Katika mbuga za Tanzania raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni wa ng'ambo. Basi asisahau kitambulisho chake. Mtoto asiyetimiza miaka 5 halipi. Gari ndilo lilalo fedha nyingi, na dawa yake ni kugawana. Tuseme, kwa mfano tu, gari limekodiwa kwa shilingi 350,000 kwa siku. Watu wawili watalipa 175,000 kila mmoja. Watu saba watalipa 50,000 kila mmoja, na wanyama watakaowaona ni wale wale.

Mwenye mfuko mdogo na aanze na mbuga iliyo karibu naye. Kwa watu wa Dar es Salaam na Morogoro mbuga hiyo ni Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Njia kuu iendayo Iringa na Zambia hupita ndani yake kwa kilomita 50 hivi, hata abiria wa basi aweza kuona twiga, swala na pundamilia dirishani, na pengine tembo, wala asilipe ada. Lakini basi halingoji mtu atazame. Heri kundi la rafiki au wanafunzi walale katika mji mdogo wa Mikumi, nje ya lango, wachukue chakula chao, wakodi gari moja kwa siku moja, na kuingia alfajiri, kabla jua halijawafukuza wanyama vivulini.

Mwenye mfuko wa kadiri aweza kwenda Arusha, akapanga siku mbili au tatu na kulala hemani. Mbuga ya Tarangire si mbali na mji huo, na wakati wa ukame makundi ya tembo hukusanyika mtoni. Kutoka huko aweza kufika Ngorongoro, penye bonde la duara la kilomita za mraba 260 hivi, ambalo kingo zake zapanda kadiri ya mita 600. Humo mna simba, nyati, hata faru. Lakini aulize mapema, kwa kuwa gari lishukalo bondeni hulipiwa ada yake mbali.

Mwenye mfuko mnene aweza kuruka kwa ndege ndogo mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, akalala katika hoteli nzuri, na alfajiri akapanda puto. Hapo atakuwa amenunua raha na wakati. Hakununua wanyama zaidi, maana simba hajui bei ya kitanda cha mtu.

Tena yafaa kuchagua majira. Tangu Juni mpaka Oktoba nchi ni kavu, majani ni mafupi, na wanyama hukaa karibu na maji. Lakini vitanda huwa ghali. Wakati wa masika, Aprili na Mei, bei hushuka, ila njia huwa matope. Atakaye kuona ndama wa nyumbu na aende nyanda za kusini mwa Serengeti mwezi wa Februari. Atakaye kuwaona wakivuka Mto Mara na aende kaskazini kati ya Julai na Oktoba. Kwa shule, likizo ya Juni yafaa sana.

Mwisho, andikeni hesabu yote katika karatasi, mkaongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya ajali za njiani. Msikope, wala msiuze mbuzi. Shule ikianza kuweka akiba Januari, kila mtoto kidogo kidogo, Juni yaweza kukodi gari. Haba na haba hujaza kibaba. Na mkifika, msishuke garini pasipo ruhusa, wala msiwalishe wanyama.

Mtoto aliyemjua tembo kuwa mwivi, atakapomwona akimnywesha mwanawe mtoni, hatayasahau mahindi ya baba yake, wala hatupendi ayasahau. Lakini siku atakapoulizwa shauri juu ya tembo, atasema kwa kuwa ameona pande zote mbili.