Nani Abebe Hatari? Sera ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi Nchini Tanzania kwa Mifano ya Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi sera ya taifa ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi ilivyoundwa na kurekebishwa nchini Tanzania tangu mwaka 2009. Sera hiyo inapimwa kwa mifano mitatu inayogusa maisha ya wakazi wa Mwanza: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, reli ya kati katika tawi lake la Mwanza, na njia za kuvuka Ghuba ya Mwanza. Hoja kuu ni kwamba ubia haupimwi kwa ukubwa wa mtaji ulioletwa na mwekezaji. Hupimwa kwa namna vihatarishi vilivyogawanywa kati ya wabia, na kwa uwezo wa Serikali kuusimamia mgawanyo huo baada ya mkataba kutiwa saini.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi, msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alikuwa na njia mbili kuu za kuvuka Ghuba ya Mwanza. Ya kwanza ilikuwa kufuata barabara hadi Kigongo, wilayani Misungwi, na kupanda kivuko cha Serikali hadi Busisi. Ya pili ilikuwa kupanda kivuko cha kampuni binafsi kutoka mjini hadi Kamanga. Tarehe 19 Juni 2025 njia ya tatu ilifunguliwa rasmi, yaani Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililojengwa kwa fedha za Serikali kwa gharama inayozidi shilingi bilioni 700.

Njia hizo tatu zimetoa huduma ileile moja, lakini zinatofautiana katika jambo ambalo abiria halioni anapokata tiketi: nani anapata hasara mambo yanapoharibika. Swali hilo ndilo kiini cha sera yoyote ya ubia, na ndilo linaloongoza makala haya.

2.0 Dhana ya Ubia

Katika mazungumzo ya kawaida, neno ubia hutumika kwa kila shughuli inayowakutanisha Serikali na mfanyabiashara. Kisheria, maana yake ni finyu zaidi. Ubia ni mkataba ambao kwao mbia binafsi anatekeleza jukumu la umma kwa niaba ya taasisi ya umma kwa kipindi maalumu, anabeba sehemu ya vihatarishi vya jukumu hilo, na analipwa kutokana na fedha za umma, tozo za watumiaji au vyote viwili.

Kwa kipimo hicho, mkandarasi aliyejenga daraja kwa malipo ya Serikali si mbia, kwani hana hatari yoyote inayohusu idadi ya magari yatakayopita baada ya kukabidhi kazi. Vivyo hivyo, mwenye kivuko binafsi anayeendesha biashara yake kwa leseni si mbia, kwa kuwa Serikali haibebi hatari yoyote ya biashara hiyo. Ubia uko katikati ya ncha hizo mbili, na ugumu wake unatokana na kukaa hapo katikati.

3.0 Safari ya Sera na Sheria

Tanzania ilipitisha Sera ya Taifa ya Ubia mwaka 2009, ikafuatiwa na Sheria ya Ubia ya mwaka 2010 na kanuni zake za mwaka 2011. Sera haikuandikwa katika uwanja mtupu. Ilitanguliwa na uzoefu mchungu wa jijini Dar es Salaam, ambako mkataba wa miaka 10 wa kuendesha huduma ya maji, uliokabidhiwa kampuni ya City Water mwaka 2003, ulivunjwa na Serikali mwezi Mei 2005. Mgogoro uliofuata ulifika katika usuluhishi wa kimataifa. Katika uamuzi wa mwaka 2008, baraza la usuluhishi lilikuta kwamba Serikali ilikiuka baadhi ya wajibu wake kwa mwekezaji, lakini halikuamuru fidia yoyote.

Sheria ya mwaka 2010 iligawa usimamizi katika vitengo viwili: cha uratibu, kilichowekwa katika Kituo cha Uwekezaji Tanzania, na cha fedha, kilichowekwa katika wizara inayohusika na fedha. Mgawanyo huo uliwafanya waandaaji wa miradi kubisha hodi katika milango miwili. Marekebisho ya mwaka 2014 yaliunganisha majukumu hayo katika Kituo cha Ubia na kuanzisha mfuko wa kuwezesha maandalizi ya miradi. Marekebisho ya mwaka 2018 yalielekeza kwamba migogoro ya ubia iamuliwe na vyombo vilivyoanzishwa nchini kwa mujibu wa sheria za nchi, na yale ya mwaka 2023 yalifungua tena mlango wa usuluhishi wa kimataifa.

Mabadiliko haya yanasomeka kama historia ya hofu mbili zinazopokezana: hofu ya taifa kufungwa na mikataba mibaya, na hofu ya mwekezaji kukosa kinga. Yote mawili ni ya msingi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya marekebisho imeshughulikia mlango wa kuingilia mkataba na mlango wa kutokea, yaani idhini na migogoro. Kilichopata uzito mdogo ni miaka ya katikati, wakati huduma inapotolewa kila siku.

4.0 Mifano kutoka Mwanza

4.1 Bugando: ubia uliotangulia sera

Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima kinachotazama jiji na ziwa, ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata ilitaifishwa. Mwaka 1985 ilirejeshwa kwa Kanisa kwa makubaliano kwamba ingeendelea kuwa hospitali ya rufaa ya umma, huku Serikali ikichangia gharama, hususani watumishi. Mwaka 1992 mahusiano ya namna hiyo yalipewa sura ya kitaifa kwa Hati ya Makubaliano kati ya Serikali na makanisa, iliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Hospitali Teule ya Wilaya ya Sengerema, ng'ambo ya ghuba, ni mfano mwingine wa utaratibu huo.

Ubia wa Bugando umedumu kwa miongo minne kwa sababu kila upande unabeba kile unachokiweza. Kanisa linabeba umiliki, uongozi na matengenezo ya mali. Serikali inabeba sehemu kubwa ya hatari ya ajira za wataalamu, jambo ambalo hakuna hospitali isiyolenga faida ingeweza kulibeba peke yake katika kanda yenye mamilioni ya watu. Udhaifu wake unajitokeza pale mgawanyo unapokosa ukomo. Mchango wa mbia mmoja ukipungua, pengo huhamia kwa mgonjwa kupitia ada. Hivyo mgonjwa asiye na bima hugeuka kuwa mbia wa tatu, asiyeitwa mezani lakini anayebeba hatari iliyosalia.

4.2 Reli: hatari iliyorudi ilikotoka

Tawi la reli ya kati kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo biashara ya mji huu, ikiwemo pamba, imetegemea njia hiyo kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 2007 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kwa Tanzania Railways Limited kwa mkataba wa miaka 25. Kampuni ya RITES ya India ilishika asilimia 51 ya hisa na Serikali asilimia 49, huku miundombinu ikibaki kwa kampuni hodhi ya Serikali, RAHCO.

Kwenye karatasi mgawanyo ulikuwa wazi. Katika utekelezaji, hatari tatu zilijitokeza mapema: hali mbaya ya injini na mabehewa, mgogoro wa mishahara ulioleta migomo, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyoharibu njia eneo la Kilosa. Mkataba uliokusudiwa kudumu miaka 25 haukumaliza hata miaka 5, na mwaka 2017 sheria mpya iliunganisha tena miundombinu na uendeshaji chini ya Shirika la Reli Tanzania. Reli mpya ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilomita 341 na ambayo mkataba wake wa ujenzi ulisainiwa Januari 2021, ilianza kujengwa kwa utaratibu wa ukandarasi chini ya dhamana ya Serikali.

Funzo la reli si kwamba mwekezaji wa nje hafai. Hatari ambayo mbia hana mtaji wala uwezo wa kuibeba haihami kwa kuandikwa katika mkataba. Hubaki kwa Serikali, ila hujificha hadi siku ya janga.

4.3 Ghuba ya Mwanza: ncha mbili bila katikati

Mfano wa tatu unaonyesha mahali ambapo ubia haukutumika. Huko Kamanga mmiliki binafsi amebeba hatari yote ya biashara. Huko Kigongo Serikali ilibeba hatari yote kwa vivuko, na sasa kwa daraja. Swali la kisera ni iwapo daraja lingeweza kujengwa kwa ubia. Mapato ya tozo yangetegemea wasafiri ambao wengi wao ni wakulima, wavuvi na wachuuzi. Kama tozo ingepangwa kurejesha gharama yote, ingewaelemea hao. Kama ingepangwa kwa uwezo wao, mwekezaji angedai dhamana ya Serikali, na hatari ingerudi palepale. Katika hali hiyo uamuzi wa kutumia fedha za umma una mantiki, na sera nzuri inapaswa kuuruhusu bila kuuona kuwa ni kushindwa kwa ubia.

Lakini umiliki wa umma pekee hauleti usalama. MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa meli ya shirika la umma. MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa kivuko cha Serikali, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Katika ajali zote mbili chombo kilibeba watu kupita uwezo wake. Hatari ya uhai haigawanywi kwa mkataba. Hudhibitiwa na msimamizi aliye huru dhidi ya mwendeshaji, awe wa umma au binafsi.

5.0 Mjadala

Mifano hii inadokeza masharti matatu kwa sera ya ubia. Kwanza, upembuzi yakinifu wa kila mradi uonyeshe kwa lugha inayoeleweka orodha ya vihatarishi, anayebeba kila kimoja, na ushahidi kwamba ana uwezo wa kukibeba. Pili, usimamizi wa mkataba upewe bajeti na wataalamu kwa kipindi chote cha ubia, hasa katika halmashauri, ambazo sheria inaziruhusu kuingia ubia lakini mara nyingi hukutana na mbia mwenye wanasheria na wahasibu wengi kuliko wake. Tatu, mtumiaji wa huduma atajwe katika mkataba kama mwenye haki: ajue kiwango cha huduma, kikomo cha ada, na pa kupeleka malalamiko.

Inaweza kupingwa kwamba masharti haya yatachelewesha miradi katika nchi yenye uhitaji mkubwa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini historia ya reli inalijibu: muda uliookolewa wakati wa kusaini ulipotea mara nyingi zaidi wakati wa kuvunja.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Mwanza ilikuwa na ubia kabla ya sera kuupa jina, na kwamba ubia uliodumu zaidi katika mifano hii ni ule ambao kila mbia alibeba mzigo unaolingana na mabega yake. Sera ya mwaka 2009 na marekebisho ya sheria yaliyofuata yameimarisha namna ya kuingia katika ubia na kutoka. Kazi iliyobaki ni kuimarisha namna ya kuishi ndani yake. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu gharama za usimamizi wa mikataba katika halmashauri za Kanda ya Ziwa, na kuhusu namna ada za huduma zinavyowafikia wakazi wa visiwani, ambao aghalabu ndio wa mwisho kufikiwa na huduma na wa kwanza kufikiwa na hatari.