Kiingereza cha Angani Hakina Visawe

Mtu akikosea neno la Kiingereza ofisini husahihishwa, mambo yakaishia hapo. Kwenye redio ya rubani na mwongoza ndege, kosa la aina hiyo limeua watu.

Usiku wa Januari 25, 1990, Boeing 707 ya Avianca iliyotoka Medellín, Colombia, ilizungushwa angani mara tatu ikisubiri zamu ya kutua New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na ndege zilikuwa zimerundikana. Mafuta yalipopungua, rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumza na waongoza ndege, aliomba "priority". Neno hilo linaomba upendeleo tu. Linalomlazimu mwongoza ndege kuzisogeza nyingine zote ni "emergency", nalo halikutamkwa.

Jaribio la kwanza la kutua likashindikana. Rubani mkuu akamwagiza mwenzake, kwa Kihispania, awaambie kuwa wana dharura. Akauliza kama ameshawaambia, akajibiwa ndiyo. Kumbe redioni kilichosikika ni kwamba mafuta yanaisha, maneno ambayo kwa mwongoza ndege si king'ora, kwa kuwa ndege yoyote inayomaliza safari ndefu mafuta yake huwa yamepungua. Injini zikazimika, ndege ikaanguka Cove Neck, nje ya jiji la New York. Kati ya watu 158 waliokuwemo, 73 walikufa.

Si haki kumtwika rubani msaidizi lawama yote. Wachunguzi wa Marekani wenyewe waliona kwamba hapakuwa na istilahi moja iliyoeleweka na wote kuhusu upungufu wa mafuta. Na kule kisiwani Tenerife, Machi 27, 1977, rubani msaidizi wa ndege ya KLM alisema wako "at takeoff". Mnara ukaelewa wanasubiri, kumbe ndege imeshaanza kukimbia kwenye njia ya kurukia, ikagonga ndege nyingine. Walikufa watu 583. Ndiyo maana leo "takeoff" hutamkwa tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa; kwingine kote husemwa "departure".

Kuhusu mafuta, sasa kuna ngazi mbili. "Minimum fuel" humjulisha mwongoza ndege kwamba ucheleweshaji zaidi hauvumiliki. Akiba ya mwisho ikiwa itaguswa kabla ya kutua, hutangazwa "Mayday fuel".

Kijana unayesomea urubani, siku hiyo ikikufika usiombe kwa upole wala usitafute neno la adabu. Tamka Mayday mara tatu, kisha "fuel".