Je, Wajua? Mipaka ya Gusii, Kutoka Kaunti Hadi Mlango wa Mama

Je, wajua kuwa Kisii, kaunti nambari 45, ilihesabu watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, na jirani yake Nyamira, nambari 46, ikahesabu 605,576? Ukigawanya kwa ukubwa wa ardhi, Kisii ina zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 650. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Ndiyo maana ua ukisogezwa hatua moja, kesi hufika kwa chifu kabla ya jioni.

Je, wajua kuwa mpaka wa kaunti hizi mbili unaukata mji wa Keroka? Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, zote mbili zimewahi kudai ushuru wa mji huo huo. Mpaka wenyewe ni mkongwe kuliko kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 ilifuata wilaya zilizotajwa katika sheria ya mwaka 1992. Kuubadilisha si kazi ya gavana. Kifungu cha 188 kinataka tume huru ipendekeze, theluthi mbili ya wabunge wote waafiki, na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti waafiki pia. Lakini mama anayeuza ndizi Keroka hahitaji Katiba ibadilishwe. Anahitaji risiti moja kwa siku, na hilo serikali mbili zinaweza kulimaliza kwa makubaliano.

Je, wajua kuwa ukitoka Keroka kwa barabara ya kuelekea Sotik unafika Chepilat, pale Nyamira inapokutana na Bomet? Abagusii wa upande wa Nyamira na Wakipsigis wa upande wa Bomet wananunuliana mahindi na ng'ombe hapo, na wako waliooana. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba za mpaka huu ziliteketezwa.

   

Je, wajua kuwa zamani ng'ombe wengi wa Abagusii hawakulala nyumbani? Walikaa kwenye ebisarate (ikiwa moja, egesarate), kambi za malishoni zilizolindwa na vijana wenye silaha dhidi ya uvamizi wa majirani. Familia ilikuwa na makao mawili: boma la wazee, kina mama na watoto, na egesarate ya vijana. Waingereza walizipiga marufuku kambi hizo mwanzoni mwa miaka ya 1910. Vijana wakarudi nyumbani, na malisho yakaanza kugeuka mashamba.

Je, wajua kuwa Borabu, upande wa mashariki wa Nyamira, ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi yaliyokaa katikati ya Abagusii na Wakipsigis? Kuanzia mwaka 1962, chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja uliogharamiwa kwa fedha za Uingereza na Benki ya Dunia, ardhi ya walowezi nchini ilinunuliwa na kugawiwa Waafrika. Familia zilizohamia Borabu zilipata vipande vikubwa kuliko vile zilivyoacha nyumbani, lakini pamoja na deni. Hati ya shamba ilishikiliwa hadi mkopo ulipwe. Wako waliolima na kuzika wazazi wao hapo hati ikiwa bado haijatoka.

Je, wajua kuwa kwa desturi ya Abagusii shamba la mzee mwenye wake wengi halikuwa shamba moja? Kila mke alikuwa na enyomba yake, na kila enyomba ilikuwa na mashamba yake, ghala lake na ng'ombe wake. Wana walirithi pale mama yao alipolima. Mzee alibaki na kipande chake mwenyewe, emonga, ambacho hakikuhesabiwa kuwa cha mke yeyote. Ng'ombe wa mahari ya binti walikuwa wa nyumba ya mama yake, nao ndio waliomwolea kaka yake wa tumbo moja. Mzee akiwachukua ng'ombe wa nyumba hii ili kumwolea mwana wa nyumba ile, hilo lilikuwa deni, na deni hilo liliweza kudaiwa hata baada ya yeye kufa. Philip Mayer, aliyeandika kitabu kuhusu mahari ya Abagusii mwaka 1950, alikuta sheria nzima imejengwa juu ya mifugo hao. Ukitazama vizuri, mama ndiye aliyekuwa mpaka. Hakuitwa mwenye shamba, lakini bila yeye hapakuwa na njia ya kusema kipande hiki ni cha nani.

Je, wajua kuwa mjane asiye na mtoto wa kiume aliweza kulipa mahari na kuoa mke, ili watoto watakaozaliwa wairithi nyumba yake? Desturi hii ipo pia kwa Wanandi, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya mirathi.

Je, wajua kuwa sheria ya serikali huhesabu tofauti? Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema mali ya mume wa wake wengi aliyekufa bila wosia igawanywe kwa kila nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane aliye hai ahesabiwe kama mtu mmoja zaidi. Nyumba yenye watoto wanane na mama yao inapata mafungu tisa; yenye watoto wawili na mama yao inapata matatu. Mtoto hapa ni wa kiume na wa kike. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa mjini Eldoret iliwapa mabinti haki yao katika shamba la baba, ikikataa hoja kwamba wataolewa na kuondoka. Bado hukumu hii haijafika katika vikao vingi vya ukoo, ambako binti huitwa kupika chakula cha wanaogawa.

Je, wajua kuwa ukivuka mpaka wa Kisii na kuingia Transmara, upande wa Narok, sheria hiyo inabadilika? Tangazo la 1981 liliziondoa wilaya kadhaa, Narok ikiwa mojawapo, katika kanuni za mirathi isiyo na wosia kwa upande wa ardhi ya kilimo na mifugo. Huko desturi ndiyo iliyoachiwa kugawa. Kisii haikuwa kwenye orodha hiyo.

Je, wajua kuwa jina moja kwenye hati si lazima liwe la mwenye mali peke yake? Mashamba yalipoandikishwa baada ya uhuru, familia nyingi zilimwandikisha kaka mkubwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi kutoka Meru, kwamba ardhi ya ukoo inaweza kuwa amana ya kimila, na mdai si lazima awe anaishi juu yake. Lakini lazima athibitishe kuwa ilikuwa ya ukoo. Wazee wanaokumbuka nani alilima wapi wanapungua kila mwaka. Mahojiano nao yaandikwe sasa.

Je, wajua kuwa ramani ya ofisi ya ardhi kwa kawaida huonyesha mpaka wa kukadiria tu? Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamtaka msajili auamue mpaka wenyewe kabla mahakama haijausikiliza mgogoro. Kwa hiyo ua mliopanda na jirani, mkonge au mti, ni ushahidi, na kuung'oa kwa makusudi ni kosa la jinai.

Je, wajua kuwa mauziano ya shamba la kilimo hayana nguvu bila kibali cha bodi ya ardhi, na kwamba ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu kukubaliana?

Na je, wajua kuwa mtu yeyote anayeuza, kukodisha au kutwaa mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini ya kuisimamia anavunja kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi? Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu hicho hakimwachi nje baba mdogo, wala kaka mkubwa, wala mwenyekiti wa ukoo.